Kigae cha Ayubu

Ayubu alikuwa na kigae. Aliketi majivuni akajikuna nacho, na mimi kwa miaka mingi niliipita habari hiyo kama abiria anavyokipita kituo asichoshuka. Nilipofikisha miaka 51 nikaielewa. Kigae changu kilikuwa upindo wa kanga. Naukunja mara nne, nauviringisha kidoleni, na saa nane za usiku, mume wangu akikoroma, najikuna mpaka ngozi inachanika. Asubuhi kanga ina madoa ya damu. Naifua kabla nyumba haijaamka, naianika chumbani, si uani.

Sehemu yenyewe niitaje, maana nikianza kuzungukazunguka hapa nitakuwa narudia kosa lile lile ninalotaka kulieleza. Ni ukeni, kwa nje, kwenye mashavu ya uke, na kuzunguka mpaka njia ya haja kubwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa upande wa Mvumi, Mwanglikana wa kubatizwa utotoni. Nimefundisha watoto habari za afya na usafi wa mwili kwa zaidi ya miaka thelathini, na neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya mtu kabla ya mwaka 2021. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimezaa wanne, na bado nilificha.

Kilichonikosesha usingizi miaka hiyo hakikuwa kuwashwa peke yake. Kulikuwa na swali. Ugonjwa hutumwa? Kama hutumwa, nani katuma, na anataka kusema nini? Kwetu Ugogo swali hilo halijawahi kuwa la wanafunzi wa chuo cha theolojia. Limewahi kukata watoto.

Msomaji wa pwani huenda hajalisikia neno lawalawa. Dodoma na Singida, mwanamke wa rika langu hahitaji kuelezwa. Ni jina la kuwashwa kwa watoto wa kike sehemu za siri: mtoto analia akikojoa, anajikuna, ngozi imekuwa nyekundu, pengine anatoka uchafu. Jina hilo lilipata nguvu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, na maelezo yake yalikwenda hivi: baada ya Azimio la Arusha serikali imekataza tohara ya wasichana, mizimu imekasirika, sasa inawaadhibu watoto. Dawa ni moja tu. Mtoto akikatwa, kuwashwa kutakoma.

Nataka kuwatendea haki bibi zetu. Nilikuwa na miaka minane mwaka 1971, tulipohamishwa katika Operesheni Dodoma. Tembe letu lilibaki nyuma, makaburi yalibaki nyuma, tukapangwa kwenye mistari ya nyumba pamoja na watu tusio na ukoo nao, na maji yalikuwa mbali. Sasa wewe ni bibi. Umeyaacha makaburi bila tambiko, mvua imekosekana, na mjukuu wako anapiga kelele kila akikojoa. Utasema nini? Utasema yuko aliyekasirika. Aliyesema hivyo hakuwa mjinga. Alikuwa na mambo yaliyofuatana, akayafunga kamba moja. Lakini katika watu wote waliomfunua mtoto yule, hakuna aliyemtazama ili aone kilichopo. Kila mmoja alikuwa akitafuta saini ya mizimu.

Mimi nilikatwa mwaka 1972, ngoma za muheme zikilia, nikiwa na wasichana wenzangu. Wadogo zangu walikatwa bila ngoma, wachanga, alfajiri, kwa siri. Hayo ndiyo mabadiliko niliyoyaona kwa macho yangu: marufuku iliondoa ngoma, ikabakiza wembe, na lawalawa ikawa cheti cha daktari cha kuuhalalisha wembe huo kwa mtoto asiyejua hata kukaa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 47 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Binti yangu wa kwanza alizaliwa mwaka 1989. Oktoba ya mwaka uliofuata, kiangazi kikiwa kimekaza, alianza kuwashwa. Maji tulichota korongoni: unachimba mchanga, unangoja, unakusanya kwa kata, ndoo inajaa baada ya nusu saa. Mtoto alifutwa kwa kitambaa, hakuogeshwa. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye cheti. Wiki ile ile nilikuwa nimewaandikia watoto ubaoni kwamba ukosefu wa maji huleta magonjwa ya ngozi. Mama mkwe akasema ni lawalawa. Nikanyamaza siku tatu. Siku ya nne nikasema, "Sawa, mama."

Ngariba alikuja kabla ya jua. Hapo sitaeleza zaidi. Nitaeleza kilichofuata, maana ndicho kilichonifungua akili, ingawa kilichelewa miaka thelathini na zaidi. Kidonda kilihitaji kusafishwa. Wifi zangu walipokezana kwenda korongoni, maji yakachemshwa, mtoto akaogeshwa asubuhi, mchana na jioni. Kwa wiki mbili aliogeshwa kuliko alivyopata kuogeshwa tangu azaliwe. Kuwashwa kukaisha. Mama mkwe akanishika bega: "Umeona, mwanangu?" Nikamjibu nimeona.

Maji yale yalikuwepo korongoni tangu mwanzo. Tuliyafuata baada ya wembe.

Ndiyo maana kuwashwa kuliponijia mimi mwenyewe mwaka 2014, miaka miwili baada ya kukoma hedhi, tafsiri nilikuwa nayo tayari. Sikuisema. Kwanza nilikwenda zahanati, na anayeijua nchi hii anajua nilichoambiwa: UTI. Nikapewa vidonge. Mara ya pili ikawa fangasi, dawa za kuchomeka. Mara ya tatu UTI na fangasi kwa pamoja. Mwalimu haachi daftari, kwa hiyo hesabu ninayo: kati ya 2014 na 2021 nilitibiwa fangasi mara kumi na moja, katika vituo vinne ambavyo sitavitaja, na hakuna hata kimoja ambako mtu aliniambia nilale kitandani nijifunue. Waliandika nilichosema, wakatibu walichoandika. Ningewalaumu zaidi kama nisingekumbuka jinsi nilivyokuwa nashusha pumzi kila nilipotoka bila kuombwa.

Nyumbani nilifanya niliyofanya. Maji ya chumvi. Shabu. Dawa ya kuulia vijidudu, ile ya kusafishia vidonda, matone machache kwenye beseni, kisha mengi. Sabuni ya kufulia. Vyote viliniunguza, na kuunguzwa nikakuchukulia kuwa ndiko kutibiwa, kwa sababu tumelelewa hivyo: dawa isiyouma si dawa. Mume wangu, mstaafu wa reli, alivumilia mwaka mmoja, kisha akauliza kwa upole swali linaloumiza kuliko tusi: nimeutoa wapi? Tendo la ndoa lilikuwa limekuwa kama kupitishwa wembe. Akahamia chumba cha watoto.

Shangazi yangu mmoja, nilipomdokezea, alisema papo hapo: lawalawa. Nikamwambia, shangazi, lawalawa si huwapata wasiokatwa? Mimi ulikuwepo nilipokatwa. Akafikiri kidogo. "Basi labda haikukamilika." Nilirudi nyumbani nikiwaza jibu lile. Mtoto asipokatwa akawashwa, ni mizimu. Akikatwa akapona, ni mizimu imeridhika. Akikatwa akawashwa, haikukamilika. Hakuna kitu ambacho kingeweza kutokea mwilini mwangu kikamfanya shangazi aseme, kumbe nilikosea. Elezo la namna hiyo halina pa kushindwa, na ndiyo sababu mwili unaoshindwa ni wa mtoto.

Lakini ngoja. Mimi niliyemcheka shangazi moyoni nilikuwa na langu, na lilikuwa la Kikristo. Mhubiri mmoja aliyepita kijijini kwetu, baada ya kuniwekea mikono, aliniambia kuna dhambi ambayo sijaitaja. Alikuwa sahihi kuhusu dhambi. Niliijua siku, mwezi na mwaka. Nikaamua kwamba Mungu amenirudishia palepale nilipomwachia mwanangu akatwe: jicho kwa jicho, mahali kwa mahali. Na sitawaficha, elezo hilo lilinituliza. Kila usiku nilipojikuna niliona kama napunguza deni. Nilikuwa nalipa kwa awamu, kama mkopo wa SACCOS.

Mwaka 2021 nilikwenda hospitali ya misheni kwa ajili ya macho. Kwenye foleni nikasikia kwamba siku hiyo yupo tabibu wa ngozi, mwanamke, aliyesomea Moshi katika kile chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa kwenye hospitali ya KCMC mwaka 1992. Nikaondoka kwenye foleni ya macho. Sijui nini kilinisukuma. Nadhani ni uchovu tu.

Alinisalimu kwa Kigogo, mbukwa, kisha akaniamkia kwa Kiswahili. Nikamweleza. Hakuandika kitu. Akasema, "Mwalimu, naomba nitazame."

Akafunga mlango, akavuta pazia, akasogeza taa. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kutazamwa na mtu yeyote, nikiwemo mimi. Kisha akaanza kunisimulia anachokiona, taratibu, kama anayesoma ramani. Hapa ngozi imekuwa nyeupe. Hapa imekuwa nyembamba, ina mikunjo midogo kama karatasi ya sigara. Hapa kuna mpasuko. Weupe umezunguka mbele na nyuma, umbo kama namba nane. Hili hapa ni kovu la kukeketwa, la zamani. Na hiki hapa si kovu la kukeketwa, mama. Hiki kimekuja baadaye: mlango wa uke umeanza kubana, mashavu yaliyobaki yanaganda pamoja. Watu wakiona umekeketwa, huweka kila kitu kwenye hesabu ya ukeketaji, hawaoni ugonjwa mwingine umekaa juu yake. Akauliza kama nina kisukari. Sina. Akasema mwanamke aliyekoma hedhi na asiye na kisukari si mtu wa kupata fangasi mara kumi na moja.

Jina la ugonjwa ni likeni sklerosasi. La kwanza ni jina la ule ukoko mkavu, mweupe au wa kijivu, unaoota juu ya miamba. Tunao tele hapa Dodoma, panda mawe ya Mlimwa utauona. La pili ni la Kigiriki, la kukakamaa. Daktari wa Paris aitwaye Henri Hallopeau aliuandika mwaka 1887, wakati misheni ya Mpwapwa ikiwa na umri wa miaka kama kumi. Hauambukizi. Hautokani na zinaa wala uchafu. Kinga ya mwili inaigeukia ngozi ya mwili huo huo na kuichoma polepole. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na pia watoto wa kike ambao hawajavunja ungo. Aliposema hilo la watoto nilifumba macho. Sisemi lawalawa ndiyo ugonjwa wangu. Watoto wetu wengi walihitaji maji, basi. Lakini nilifumba macho.

Palikuwa na mpasuko mmoja ambao hakuupenda. Wasiotibiwa, alisema, wachache wao, pungufu ya watano katika mia, hupata saratani mahali hapo. Akataka kuchukua kinyama kidogo kipimwe, ukubwa wa punje ya mtama. Akaleta fomu ya ridhaa, akanisomea, akanipa kalamu. Nilishindwa kusaini. Alidhani naogopa sindano. Niliogopa kitu kingine: nilikuwa na miaka 58, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu mwenye chuma mkononi alikuwa ananiuliza kama naruhusu. Wembe wa mwaka 1972 haukuuliza. Wa mwaka 1990 ulimuuliza bibi, ukaniuliza mimi, haukumuuliza aliyekatwa. Nilisaini. Ganzi iliuma kidogo, kinyama sikukisikia. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu: ndio ugonjwa wenyewe, saratani hakuna.

Usiku ule nilifungua Mambo ya Walawi sura ya 13, sura ambayo hakuna mchungaji niliyewahi kumsikia akiihubiri. Ni sura ya weupe wa ngozi. Mtu ana alama nyeupe, analetwa kwa kuhani, na kuhani anafanya nini? Anatazama. Anatazama kama alama imezama, kama malaika yamegeuka rangi. Akiwa na shaka anamtenga mtu yule siku saba, anatazama tena. Nimeisoma sura nzima kwa kalamu nyekundu: hakuna mahali ambapo kuhani anauliza, umefanya dhambi gani? Sadaka ya hatia ipo, ndiyo, lakini iko sura ya 14, mtu akishapona. Kazi ya kwanza ya kuhani mbele ya ngozi ya mtu ni macho, na akishindwa kuona mara ya kwanza, kazi yake ya pili ni macho tena.

Nikarudi kwa Ayubu. Tunawasema vibaya Elifazi, Bildadi na Sofari, tunasahau mwanzo wao. Walipomwona rafiki yao walikaa naye chini, siku saba mchana na usiku, bila kusema neno. Ile ndiyo wiki pekee waliyokuwa waganga wema. Waliharibu walipoanza kueleza. Na mwishoni Mungu anawakasirikia wao, wenye maelezo, siyo yule aliyepiga kelele. Kisha, na hili ndilo linalonishangaza kila ninaposoma, Mungu mwenyewe anaponena hamwambii Ayubu sababu. Anamwonyesha mbuni, mbuzi wa mwituni, farasi. Anamwambia atazame.

Mchungaji wetu, mtu ninayemheshimu, alinipinga. Alisema, mwalimu, ukiondoa maana katika mateso unamwacha mgonjwa mikono mitupu. Kuugua bure bure si kubaya zaidi ya kuugua kwa sababu? Nimelifikiria swali lake kwa haki. Jibu langu ni hapana, si kubaya zaidi. Niliugua kwa sababu kwa miaka saba, na sababu ile ilikuwa nzuri kiasi kwamba sikuona haja ya kutafuta mtu wa kutazama. Maana niliyokuwa nayo ilikuwa pazia. Ugonjwa usio na ujumbe unaweza kuufunulia mtu. Ugonjwa wenye ujumbe unaujibu kwa magoti, kwa tambiko, au kwa wembe.

Sidai Mungu hayupo katika jambo hili. Nasema sijamwona kwenye kuwashwa.

Dawa ni ya kupaka, klobetasoli. Kila usiku kwa mwezi, kwa kuruka usiku mmoja mmoja mwezi wa pili, mara mbili kwa wiki kwa mwezi wa tatu. Tyubu moja ya gramu 30 inatosha miezi yote mitatu, kwa sababu kinachohitajika ni kidogo tu, kipakwe palipo peupe. Sabuni marufuku, shabu marufuku, maji matupu na mafuta ya mgando baada ya kuoga. Tabibu alinionya mambo mawili. La kwanza, karatasi ndani ya boksi itasema dawa hii isipakwe sehemu za siri. Karatasi imeandikwa kwa watu wote, wewe umeandikiwa na aliyekutazama. La pili hakunionya vya kutosha. Dawa hii ndiyo wanayochanganya kwenye mikorogo ya kujichubua. Niliposogea dirishani kwenye duka la dawa mjini, kijana wa dukani aliuangalia uso wangu mweusi wa kuungua na jua la Ugogo, akakiangalia cheti, akasema kwa sauti ya watu wote, "Bibi, na wewe bado unataka kung'aa?" Watu wakacheka. Nilikuwa na jibu la kumnyamazisha yeye na duka zima. Nikameza mate, nikalipa.

Baada ya wiki ya tatu nililala mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mume wangu aliamka akadhani nimekufa.

Alikuja nami kliniki kwenye miadi ya pili. Tabibu alimweleza kwa dakika kumi kwamba ugonjwa huu hauletwi na mtu. Alipotoka nje alikaa kwenye benchi akitazama kofia yake. Sasa ndiye anayenikumbusha Jumatano na Jumapili, siku zangu za kupaka, maana mara mbili kwa wiki nitaendelea nazo maisha yangu yote, na kutazamwa kila mwaka. Jirani yangu, Mwislamu mcha Mungu, aliposikia ni wa maisha alisikitika: si Mtume alifundisha kwamba Mungu hakushusha maradhi ila ameyashushia dawa? Nikamwambia dawa ninayo, nimeinunua mjini. Kiswahili chenyewe kimetenganisha: kutibika na kupona si neno moja. Palipoganda hapajafunguka, weupe umepungua haujaisha. Nimetibika.

Kitu kingine alichonipa tabibu ni kazi ya nyumbani: kioo. Nijitazame kila mwezi, nikiona uvimbe au kidonda kisichofunga nirudi. Nilinunua kioo kidogo cha plastiki pale Majengo. Kilikaa mfukoni mwa gauni wiki mbili. Siku niliyojikaza, niliketi karibu na dirisha, mlango nimeubana kwa kiti, mwanamke wa miaka 58, mama wa watoto wanne, nikaona kwa mara ya kwanza nilichofanyiwa nikiwa na miaka tisa. Sina maneno yake. Ninachojua ni kwamba nilipomaliza kujililia mwenyewe nilianza kumlilia mwingine, na hapo ndipo deni langu la kulipwa kwa awamu lilipovunjika.

Maana, hebu tupige hesabu ya kimwalimu. Kama kuwashwa kwangu kulikuwa adhabu ya Oktoba 1990, basi nililipa miaka saba, usiku kwa usiku, na deni limekwisha. Nani alipokea malipo? Binti yangu hakupata hata senti. Hakujua kwamba nalipa. Kumbe nilikuwa nimemfanyia mara ya pili: mara ya kwanza nilitumia mwili wake kuituliza mizimu, mara ya pili nilitumia jeraha lake kuituliza dhamiri yangu. Hatia yangu ni kitu halisi, na ugonjwa wangu ni kitu halisi, lakini havijuani. Kimoja kina tyubu. Kingine kina mtu mwenye jina, anayeishi Nkuhungu, na nauli ya daladala.

Nilikwenda kwake Julai 2022, upepo ukivuma vumbi kama kawaida ya Dodoma mwezi ule. Nikamwambia yote, pamoja na maji ya korongo. Alinisikiliza akichambua mlenda. Nilipoomba msamaha alikaa kimya, kisha akasema, "Mama, sijui. Nitakuambia." Akanipakulia ugali.

Niweke hapa neno moja kwa akina mama wenzangu kabla sijasahau. Ukitibiwa fangasi mara mbili na kuwashwa hakujaisha, mara ya tatu usipokee dawa kabla hujatazamwa. Sema hivyo hivyo: naomba unitazame. Na mtoto wa kike akiwashwa, mfunue mchana, penye mwanga, uone.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, binti yangu alipiga simu saa tatu usiku. Mjukuu wangu wa miaka minne alikuwa anajikuna, halali, amekuwa mwekundu. Mama wa mume wake alikuwa pale nyumbani, ametoka Bahi, na alikuwa ameshasema neno lile. Nilisikia sauti ya binti yangu ikitetemeka. Nikamwambia, chukua tochi ya simu, mtazame mbele na nyuma, kisha niambie unachokiona, siyo unachokiogopa. Akaniacha kwenye simu. Nikahesabu mpaka mia mbili. Akarudi. "Mama, kuna vidudu vyeupe kama nyuzi, nyuma, vinatembea."

Ilikuwa minyoo. Nyumba nzima walimeza albendazoli, bibi wa Bahi pamoja, wakarudia baada ya wiki mbili. Mtoto analala. Jibu la lile ombi langu la msamaha, binti yangu bado hajanipa.